Mlinzi anadai kadi ya mbwa wangu. Je, niinunue?

SWALI: Naishi Marekani na nina kifafa tangu ujana. Nina mbwa niliyemfundisha mwenyewe kwa karibu miaka miwili, nikisaidiwa na mkufunzi mmoja, kwa kuwa sikuweza kumpata mbwa aliyekwisha kufunzwa na shule ya mbwa. Nikianguka, hunilalia ubavuni na kubweka mpaka mtu aje, na amefunzwa kuniletea mfuko wa dawa. Wiki iliyopita mlinzi wa duka la vyakula alinizuia mlangoni akitaka "kadi ya mbwa". Meneja alipokuja akasema kuna mteja mwenye mzio, kwa hiyo nimfunge mbwa nje. Niliondoka mikono mitupu. Mume wangu ameona kwenye intaneti watu wanaouza kadi, cheti na kizibao, na anasema tununue tumalize maneno. Ninunue? Na je, walikuwa na haki ya kunizuia? Niseme kweli: kuna siku mbwa alibweka mara moja mle dukani, na akichoka huwa namweka kwenye toroli.

JIBU: Dada yangu, hiyo kadi usiinunue. Nitakueleza kwa nini, maana sababu yenyewe ndiyo itakayokusaidia siku nyingine ukiwa pale mlangoni.

Marekani haina ofisi ya serikali kuu inayosajili mbwa wa huduma. Sheria inayokulinda ilitiwa saini Julai 26, 1990, inaitwa Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu, na watu wengi huiita ADA, kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza. Kanuni zake kuhusu mbwa zilirekebishwa mwaka 2010 na zikaanza kutumika Machi 15, 2011. Zinasema mbwa wa huduma ni mbwa aliyefunzwa, yeye binafsi, kufanya kazi fulani kwa faida ya mtu mwenye ulemavu, na kazi hiyo iwe inahusiana moja kwa moja na ulemavu huo. Ulemavu wenyewe unaweza kuwa wa mwili, wa macho au masikio, wa akili, au wa afya ya akili. Hapo hakuna neno kadi, wala cheti, wala kizibao. Hakuna pia sharti kwamba mafunzo yafanywe na shule au mtaalamu. Kanuni zinamruhusu mtu amfunze mbwa wake mwenyewe, kama ulivyofanya wewe. Wanaouza kadi wanauza plastiki tu. Wizara ya Sheria ya Marekani, ambayo ndiyo msimamizi wa sheria hii, imesema wazi kwamba vyeti hivyo havimpi mbwa haki yoyote na kwamba yenyewe haivitambui kama ushahidi.

Mume wako atasema, "Najua, lakini mlinzi haijui sheria, mwonyeshe tu kadi tupite." Namwelewa. Siku hiyo mtapita. Lakini mtakuwa mmemthibitishia mlinzi kwamba kadi ipo na kwamba yeye ana haki ya kuidai. Kesho atakuja asiyeona na mbwa wake mwongozaji, hana kadi kwa sababu haihitaji, naye atasimamishwa palepale. Na jambo jingine, ambalo walinzi huwa hawaliamini nikiwaambia: mtu anayedanganya kuhusu mbwa wake ndiye mara nyingi mwenye kadi inayong'aa na kizibao kipya chenye nembo tatu. Ameinunua kwa sababu hana mafunzo ya kueleza.

Sasa, mlinzi anaruhusiwa kuuliza nini? Pale ambapo kazi ya mbwa haionekani kwa macho, mfanyakazi wa duka anaruhusiwa maswali mawili tu. La kwanza: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? La pili: amefunzwa kufanya kazi gani? Basi. Hawezi kukuuliza una ugonjwa gani, hawezi kudai barua ya daktari wala karatasi ya mafunzo, na hawezi kukwambia umwamuru mbwa aonyeshe kazi yake. Waonyeshwe vipi, mpaka uanguke? Na kama kazi inaonekana waziwazi, mathalani mbwa anamwongoza asiyeona au anavuta kiti cha magurudumu, hata hayo maswali mawili hayaulizwi.

Nikae kidogo kwenye swali la pili, maana hapo ndipo watu wengi wenye haki zao hujikwaa. Ukiulizwa mbwa anafanya kazi gani, usijibu "ananisaidia na kifafa". Kwanza umetaja ugonjwa ambao hukuulizwa. Pili, hujataja kazi. Usijibu pia "ananifanya nijisikie salama", kwa sababu kwa jibu hilo umemweka mwenyewe kwenye kundi la mbwa wa kuliwaza. Mbwa ambaye kazi yake ni kuwapo tu na kumtuliza mwenyewe si mbwa wa huduma kwa sheria hii, hata kama faraja anayoitoa ni ya kweli na hata kama daktari ameandika barua. Duka linaweza kumkataa. Mstari unaotenganisha ni mafunzo. Mbwa aliyefunzwa kutambua kwamba hofu kali inamjia mtu na kufanya tendo maalumu la kuizuia au kuipunguza, huyo anahesabiwa. Mbwa ambaye joto la mwili wake tu linatuliza, hahesabiwi.

Kwako jibu ni fupi: "Amefunzwa kubweka kuita msaada na kulala kando yangu kunikinga nikipoteza fahamu. Amefunzwa pia kuleta dawa." Anza na hayo. Wapo wenye kifafa ambao mbwa wao huhisi mapema kwamba degedege linakuja, akaanza kumzunguka mwenyewe au kumgusa kwa pua. Kama wako anafanya hivyo, ni neema. Lakini kuhisi mapema mara nyingi hujitokeza kwenyewe kwa mbwa aliyeishi na mtu muda mrefu, na si kitu ambacho mkufunzi mwaminifu atakuahidi. Sheria inauliza amefunzwa nini. Kubweka, kulala ubavuni na kuleta mfuko ni mambo uliyoyafunza wewe, unaweza kueleza ulivyoyafunza, na hakuna wa kuyabishia. Yafanyie mazoezi maneno hayo nyumbani mpaka yatoke bila kutafutwa, hata kwa lugha ya kule dukani, kwa sababu mlangoni kuna foleni nyuma yako na moyo unakwenda mbio.

Kwa nini mlinzi alikutilia shaka wakati angemwacha asiyeona apite? Historia ina mkono wake. Mwaka 1928 kijana asiyeona kutoka Nashville, Morris Frank, alirudi Marekani kutoka Uswisi akiwa na Buddy, mbwa jike wa aina ya German Shepherd, na mwaka uliofuata ikaanzishwa shule ya The Seeing Eye ya kufunza mbwa wa kuwaongoza wasioona. Yeye na wenzake walibishana miaka mingi na wenye treni, hoteli na migahawa mpaka milango ikafunguka. Picha ya mbwa mkubwa mwenye mshikio mgumu na mtu mwenye miwani myeusi ikabaki vichwani. Ukija wewe, mwanamke mwenye afya kwa kumtazama, na mbwa asiyevaa chochote, picha haikai. Sheria imekwenda mbele, macho ya watu yamebaki nyuma. Ndiyo maana sikatazi kizibao chenyewe. Ukipenda, mshonee au mnunulie cha kawaida, kitakupunguzia maswali. Ila ujue ni nguo tu, si kibali, na siku ukikisahau nyumbani haki yako haikubaki nacho.

Twende kwa meneja, ambaye kosa lake naona ni kubwa kuliko la mlinzi, kwa sababu yeye alipaswa kujua. Mzio wa mteja mwingine si sababu ya kumtoa mbwa wa huduma. Woga wa mbwa pia si sababu. Anachotakiwa kufanya meneja ni kuwahudumia wote wawili, kila mmoja upande wake: huyu asubiri njia ile, yule apite rejista nyingine. Kukwambia umfunge mbwa nje ni sawa na kumwambia mwenye mkongojo auache mlangoni. Tena mbwa aliyefungwa nje hawezi kukulinda ukianguka ndani.

Au alidhani kwa kuwa ni duka la vyakula basi kanuni za afya zinamkataza? Hilo nalo huwa nalisikia. Hata pale ambapo kanuni za afya za jimbo au mji zinakataza wanyama penye chakula, mbwa wa huduma lazima aruhusiwe kwenda kule wateja wanakoruhusiwa kwenda. Asiende jikoni nyuma, kwa sababu hata wewe huendi. Udogo wa duka nao si kinga. Masharti ya ADA kuhusu ajira huanza kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 15, lakini yale yanayohusu kuwahudumia wateja hayana hesabu hiyo. Hata duka la mtu mmoja na mkewe limo. Aina ya mbwa pia si hoja: mji unaweza kuwa na sheria inayokataza aina fulani, lakini haimhusu mbwa wa huduma, isipokuwa huyo mmoja mwenyewe awe ameonyesha ukali.

Nataja na hili, kwa kuwa wasomaji wengi wa lugha yetu wana maduka huko, na wengine wamelelewa kuona mate ya mbwa ni najisi. Wameniuliza kwa adabu kabisa kama imani yao inawapa ruhusa ya kumkataa mbwa dukani. Haiwapi. Taasisi za dini zenyewe, kama msikiti au kanisa, ziko nje ya sehemu hii ya ADA, lakini duka halimo katika msamaha huo kwa sababu tu mwenye nalo ana dini. Habari njema kwao ni kwamba hakuna anayewataka wamguse mbwa, wamshike kamba, wamlishe wala wamsafishe. Kazi hiyo yote ni ya mwenye mbwa. Wauze bidhaa zao, wapokee pesa, waage mteja.

Sasa nikugeukie wewe, kwa sababu umenieleza mambo mawili ambayo wengine wangeyaficha. Duka lina haki ya kukuambia umtoe mbwa katika hali mbili: akiwa hatulii na wewe hufanyi lolote la maana kumdhibiti, au akiwa hajafunzwa kujizuia haja. Kubweka mara moja si kutotulia. Hata akibweka kwa sababu mtoto amemvuta mkia, hilo halihesabiwi. Anayebweka tena na tena, anayerukia watu, anayenusanusa nyama kwenye majokofu na mwenyewe anatazama simu, huyo atolewe, na ninaunga mkono atolewe. Kumbuka pia kwamba akitolewa mbwa, wewe hutolewi. Lazima wakupe nafasi ya kununua mahitaji yako bila yeye. Kama siku ile ya mbweko kuna aliyekukemea, sahau. Lakini jiulize kwa nini alibweka. Kwa mbwa wako mbweko ndio king'ora. King'ora kikilia hovyo, siku ya moto nani atakuja?

Akiwa dukani mshike kwa kamba au mkanda wa kifuani, isipokuwa kama ulemavu wenyewe au kazi yake haviruhusu. Hapo ndipo sauti na ishara zinakubalika badala ya kamba. Kwako sioni kizuizi.

Toroli: hapo umekosea, dada. Duka halilazimiki kumruhusu mbwa kupanda toroli ambalo mtu mwingine ataweka mboga. Mahali pake ni sakafuni, au umbebe wewe kama kazi inadai hivyo, mfano mbwa mdogo wa mwenye kisukari anayebebwa karibu na uso ili anuse mabadiliko ya pumzi. Akichoka, nendeni nyumbani. Nasema kwa ukali kidogo kwa sababu picha ya mbwa kakaa kwenye toroli imewapa maneno watu wanaotaka kutufungia milango.

Huenda ukakutana na mbwa asiyefunzwa dukani, amevaa kizibao cha kununua, akamrukia wako. Mbwa wa kazi aliyeumwa mara moja anaweza kuwaogopa mbwa wenzake na kazi ikamshinda. Miaka miwili ya jasho lako ikaenda hivyo. Majimbo kadhaa yamefanya udanganyifu huu kuwa kosa la jinai. California humtoza faini ya hadi dola 1,000 au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Florida huongeza na saa 30 za kazi ya kujitolea. Ni sababu nyingine ya kukaa mbali na ile kadi: wewe huna cha kudanganya, usijivike nguo ya waongo.

Kuhusu yaliyokwisha kutokea wiki iliyopita, ningefanya hivi. Andika leo, kabla hujasahau, tarehe, saa, mlango gani, nani alisema nini. Jina la meneja kama ulilisoma kifuani mwake. Kisha liandikie barua duka lenyewe, na kama lina makao makuu, yapelekee nakala. Barua iwe fupi, itaje maswali mawili na useme hukuulizwa hata moja. Mara nyingi mambo huishia hapo, kwa sababu makampuni makubwa yana sera iliyoandikwa vizuri, na aliyeivunja ni mfanyakazi ambaye hakufundishwa. Nimewahi kuitwa kufundisha kwenye duka ambalo sera hiyo ilikuwa imebandikwa ukutani chumba cha mapumziko, nyuma ya kalenda.

Wasipokujibu, unaweza kupeleka malalamiko Wizara ya Sheria, idara ya haki za kiraia, kwa njia ya intaneti au posta, bure. Wizara huchunguza baadhi, nyingine huzipeleka kwenye usuluhishi. Mahakamani unaweza kwenda mwenyewe pia, lakini usidanganywe na wanaokuahidi utajiri: kwa sehemu hii ya ADA, ukimshtaki mwenye duka binafsi utapata amri ya kumlazimisha abadilike pamoja na gharama za wakili, hutapata fidia ya pesa. Fidia, ikiwapo, hutoka kwenye sheria za jimbo. California ina kiwango cha chini cha dola 4,000 kwa kosa. Jimbo lako hukulitaja, kwa hiyo muulize wakili wa haki za wenye ulemavu wa hapo ulipo, na usichelewe, kwa sababu muda wa kufungua madai nao hutofautiana.

Haya yote ni ya dukani, mgahawani, hotelini, kliniki na mahali kama hapo. Ukipanda ndege, sheria ni nyingine, na tangu Januari 2021 mashirika ya ndege yanaruhusiwa kukutaka ujaze fomu za Wizara ya Uchukuzi kuhusu afya, mafunzo na tabia ya mbwa. Ukipanga nyumba, ni nyingine tena, na huko hata mbwa wa kuliwaza ana nafasi. Usiibebe hoja ya nyumba ukaenda nayo dukani. Na leseni ya kawaida ya mbwa pamoja na chanjo, kama mji unazidai kwa mbwa wote, zinamhusu na wako.

Nimesema usinunue kadi, lakini ipo karatasi moja ningependa uibebe, na utaiandika mwenyewe bila kumlipa mtu. Ukianguka katikati ya duka, mbwa atabweka, na mtu asiyejua atadhani anakushambulia. Atamvuta, au atamfukuza. Kwa hiyo andika kwa herufi kubwa, uiweke kwenye mkanda wa mbwa mahali panapoonekana: "Nina kifafa. Mbwa huyu anaita msaada, msimwondoe. Nigeuzeni ubavu, msinitie kitu mdomoni. Ikizidi dakika tano, piga 911." Chini yake namba ya mume wako. Wafanyakazi wa duka hawalazimiki kumtunza mbwa wakati umelala, ndiyo maana namba inahitajika. Gari la wagonjwa likija, kwa kawaida mbwa anapanda nawe. Kama ndani hamna nafasi na atawazuia kukutibu, wahudumu wanapaswa kupanga njia nyingine ya kumfikisha hospitali. Mwambie mume wako alijue hilo, kwa sababu siku hiyo yeye ndiye atakayekuwa anajibu simu.